Majivu ya kichomea taka: je, yanafaa kujengea?

Katika parokia za Nzega, kama ilivyo katika Jimbo Kuu zima la Tabora, matangazo ya Dominika hayakosi neno "ujenzi". Leo ni msingi wa kanisa la kigango, kesho ni nyumba ya mapadre, keshokutwa ni vyoo vya shule au uzio wa zahanati. Waamini huombwa mifuko ya saruji, tripu za mchanga na mawe, na nguvu kazi ya jumuiya. Wakati huohuo, nyuma ya vituo vingi vya afya, vya serikali na vya Kanisa, pamesimama kijengo cha matofali chenye dohani, na kando yake shimo linalojaa majivu kidogo kidogo. Si ajabu mtu anayeyatazama mambo haya mawili kwa pamoja akajiuliza: majivu yanayotusumbua mahali pa kuyaweka, mbona tusiyachanganye na saruji tukafyatulia matofali?

Swali hili ni jema. Zipo nchi ambazo zimelijibu kwa "ndiyo", na zimejenga barabara na majengo kwa majivu ya takataka. Lakini ndiyo yao ina masharti ambayo mara nyingi huachwa njiani habari inaposafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Makala hii inaeleza masharti hayo, na kwa nini majivu ya kichomea taka cha zahanati yasiingie katika ukuta wa nyumba wala sakafu ya kanisa. Inaeleza vilevile majivu mengine, yaliyo mengi zaidi hapa Nzega, ambayo yanaweza kutusaidia kweli.

Tukumbuke kwanza kwamba kujengea majivu si jambo geni kwetu. Katika vijiji vya Unyamwezi na Usukuma akina mama wamesiriba kuta na sakafu kwa udongo, samadi na majivu tangu enzi na enzi. Nyumba za tembe zilizowapokea wasafiri wa misafara iliyopita Unyanyembe zilijengwa kwa udongo na miti, paa lake likiwa la udongo pia. Huko Ulaya, Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano, wakapata zege lililosimama miaka elfu mbili, hata ndani ya maji ya bahari. Siri ya majivu yale ni silika, yaani madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, ila yakiwa katika hali laini inayoweza kuungana na chokaa na kuwa gumu kama jiwe. Mafundi wa vifaa vya ujenzi huita majivu ya namna hiyo pozolana.

Basi majivu yana nguvu ya kujengea, hilo halina ubishi. Hata hivyo neno "majivu" ni moja, na vitu vyenyewe ni vingi. Majivu ya kuni ni mti uliobaki baada ya moto. Majivu ya kichomea taka ni mabaki ya kila kilichotupwa ndani yake: sindano, chupa za dawa, mirija ya dripu, glavu, bandeji, vifuniko vya aluminiamu, pengine betri na kipimajoto kilichovunjika.

Moto hauli kila kitu

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba moto husafisha. Kwa vijidudu, imani hiyo ni ya kweli: hakuna bakteria wala kirusi kinachovumilia nyuzi joto 800. Ndiyo maana kichomea taka kilichojengwa vizuri na kuendeshwa vizuri ni ulinzi mkubwa kwa wauguzi, wafagiaji na watoto wanaochezea jalalani. Muundo unaofahamika katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki ni ule uliobuniwa na Profesa Jim Picken wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza. Ni tanuri dogo la matofali ya kuhimili moto, lenye vyumba viwili, linalochoma takriban kilo 12 kwa saa. Lilienea hasa kwa ajili ya kuteketeza sindano za kampeni za chanjo.

Lakini metali haziungui. Risasi, zinki, shaba, kromi na kadimi zilizokuwamo katika rangi za plastiki, betri au vifaa vya umeme hubaki, tena zikiwa zimekolea, kwa kuwa kilichozizunguka kimeteketea. Zebaki hufanya vibaya zaidi: huruka na moshi na kwenda kuanguka kwingine. Sindano yenyewe hubaki sindano, kwa maana chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,400, kiwango ambacho tanuri la zahanati halikifikii. Mfanyakazi anayezoa majivu kwa mkono mtupu anaweza kuchomwa na sindano iliyopita motoni. Huenda asipate ugonjwa wa kuambukiza, lakini jeraha atalipata.

Lipo jingine linalozaliwa na moto wenyewe. Mirija na mifuko mingi ya dripu hutengenezwa kwa plastiki yenye klorini. Inapoungua, na hasa moshi wake unapopoa polepole kati ya nyuzi 450 na 200, hutokea kemikali ziitwazo dayoksini. Hizi hushikamana na chembe nyepesi za majivu, huingia katika mafuta ya mwili wa kuku, ng'ombe na binadamu, na humo hukaa: mwili wa mtu huhitaji kati ya miaka 7 na 11 kupunguza nusu tu ya kiasi ulichokipokea. Shirika la Afya Duniani linazihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani. Kuhusu risasi, Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu ubongo wao ungali unajengwa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake "Laudato si'" wa mwaka 2015, anapoorodhesha taka zinazoichafua dunia anazitaja waziwazi zile zitokazo katika huduma za tiba. Anakumbusha pia kwamba sumu inaweza kujilimbikiza katika miili ya wakazi hata pale ambapo kiwango chake katika mazingira ni kidogo. Hoja hiyo ya pili ndiyo inayotugusa hapa. Tofali lenye risasi kidogo halimwui mtu kesho yake asubuhi. Hukwaruzwa, humomonyoka, hufagiliwa kama vumbi, na mtoto anayetambaa huitia mikono yake mdomoni, siku baada ya siku.

Wenzetu wanafanyaje?

Katika miji ya Ulaya na Japani takataka za majumbani huchomwa katika mitambo mikubwa inayozalisha pia umeme na maji ya moto. Tani moja ya taka ikiingia, robo yake hivi au pungufu hutoka chini ya wavu kama majivu mazito yaliyochanganyika na vipande vya kioo, vigae na chuma. Haya tuyaite majivu ya chini. Sehemu nyingine ndogo, kati ya asilimia 2 na 5, hunaswa katika vichujio vya dohani. Haya ni majivu ya moshi. Tofauti kati ya aina hizi mbili ndiyo msingi wa jambo zima. Majivu ya moshi hubeba sehemu kubwa ya dayoksini, kadimi na risasi inayoyeyuka majini, na sheria za nchi hizo huyahesabu kuwa taka hatarishi. Denmark, kwa mfano, imekuwa ikiyasafirisha kwa meli hadi kisiwa cha Langøya nchini Norway ili yadhibitiwe na kuzikwa huko. 

Majivu ya chini ndiyo hutumika, nayo si mara tu yatokapo motoni. Kwanza hupitishwa kwenye sumaku na mitambo ya kunasa chuma, shaba na aluminiamu. Kuondoa aluminiamu kuna sababu ambayo kila fundi mwashi angependa kuijua: metali hiyo ikikutana na saruji mbichi hutoa gesi ya hidrojeni, na zege huvimba kama unga wa maandazi, kisha hupasuka. Baada ya hapo majivu hurundikwa nje kwa wiki nyingi, aghalabu miezi mitatu, yakinyeshewa na kupigwa upepo. Hewa ukaa hupunguza ukali wake, chumvi huoshwa, na risasi hushikwa zaidi ndani ya chembe. Maji yanayochuruzika kutoka katika rundo hilo nayo hukusanywa, hayaachwi yaende mtoni. Mwishoni sampuli hupelekwa maabara, husagwa, hutikiswa ndani ya maji kwa saa 24, kisha maji hayo hupimwa ili kujua ni kiasi gani cha kila metali kimetoka. Yakifaulu hutumika, hasa chini ya barabara. Uholanzi imefanya hivyo kwa miongo mingi, na mwaka 2012 serikali yake na wenye mitambo walikubaliana kwamba majivu yasafishwe zaidi, kwa kuwa kuyazika tu chini ya lami hakukuonekana kutosha.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 kiwanda cha Ichihara, katika mkoa wa Chiba, kilianza kutengeneza saruji ambayo karibu nusu ya malighafi yake ni majivu ya takataka. Mwaka 2006 kikafuata kiwanda cha Tama, magharibi mwa Tokyo. Humo majivu huchomwa upya katika tanuri la saruji kwa joto linalozidi nyuzi 1,300. Dayoksini huvunjika, risasi na shaba huruka kama chumvi na kunaswa ili ziuzwe kwa wayeyusha metali, na kinachobaki ni saruji yenye kiwango chake rasmi cha kitaifa. Hii ni kazi nzuri ya akili ya mwanadamu. Ni kazi pia ya mtambo wa gharama kubwa mno, unaolishwa na majivu ya mamilioni ya watu.

Sasa tutazame upande mwingine. Kati ya mwaka 1994 na 1999, majivu ya mtambo wa Byker, katika mji wa Newcastle, Uingereza, yalimwagwa juu ya njia za miguu na vijia vya bustani ambamo wakazi walilima mboga na kufuga kuku. Yalikuwa mchanganyiko wa majivu ya chini na ya moshi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Yalionekana kuwa kokoto nzuri ya bure. Vipimo vilipofanyika mwaka 2000 vilionyesha dayoksini na metali nzito kwa viwango vya juu. Wakazi wakaambiwa wasile mayai wala kuku wa bustani zile, na majivu yakabidi kuzolewa tena. Mji huo ulikuwa na maabara, sheria na wakaguzi, na bado ilichukua miaka kugundua.

Karibu zaidi nasi ni Addis Ababa. Mwezi Machi 2017 mlima wa takataka wa Koshe uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110, wengi wao maskini walioishi kwa kuokoteza humo. Mwaka uliofuata, palepale jirani, ulizinduliwa mtambo wa Reppie, uliosanifiwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha umeme, na matofali ya majivu yalikuwa miongoni mwa matunda yaliyotajwa wakati wa kuutangaza. Habari za namna hiyo ndizo zinazofika kwetu kwa simu za mkononi, nazo huleta hamu ya kuiga. Lakini sisi hatuna Reppie. Tanzania haichomi taka za miji yake katika mitambo mikubwa. Nzega, mji wa njia panda ambapo malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana kama misafara ya zamani, hutupa taka zake jalalani kama miji mingine. Majivu ya kichomea taka tuliyo nayo ni yale ya hospitali, vituo vya afya na zahanati, yaani yale yaliyo machafu zaidi. Tena katika matanuri madogo yasiyo na vichujio, majivu ya chini na masizi ya dohani huzolewa kwa koleo moja na kutupwa katika shimo moja.

Hesabu ya tofali moja

Tuweke hatari pembeni kwa dakika moja, tuulize faida. Tuchukue mfano wa kituo cha afya kinachochoma kilo 10 za taka kila siku, na tukadirie kwamba moja ya tano hubaki kuwa majivu. Hizo ni kilo 2. Tofali la saruji la nchi sita lina uzito wa kilo ishirini na zaidi, sehemu kubwa ikiwa mchanga. Tukiweka majivu badala ya sehemu moja ya kumi ya mchanga huo, kilo 2 zinatosha tofali moja. Ndiyo kusema, kituo kizima kingechangia tofali moja kwa siku, matofali 365 kwa mwaka, yaani kuta za chumba kimoja cha mita tatu kwa tatu. Na tungekuwa tumeokoa nini? Kilo 730 za mchanga, ambazo ni kama nusu ya mita ya ujazo. Tipa dogo hubeba mara kadhaa ya kiasi hicho kwa tripu moja.

Hapa naona swali limejibiwa hata kabla ya kufika kwa mkemia. Kwa thamani ya nusu mita ya mchanga tungewaweka fundi, wabeba tofali na watakaolala katika chumba hicho karibu na vumbi la risasi maisha yao yote. Mtu anaweza kujibu kwamba majivu yangechukua nafasi ya saruji, ambayo ni ghali. Hayawezi kutegemewa kwa hilo. Majivu ya leo yana kioo kingi, ya kesho yana plastiki nyingi; chumvi ya klorini iliyomo hula nondo, na aluminiamu ya vifuniko vya chupa za dawa hupasua zege kama tulivyoona. Fundi mwenye heshima ya kazi yake hawezi kuweka jina lake juu ya mchanganyiko ambao hautabiriki.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake huziweka taka za hospitali chini ya uangalizi maalumu, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye mamlaka ya kusimamia taka hatarishi. Yeyote anayetaka kuzifanyia biashara au kuzigeuza bidhaa huanzia huko, pamoja na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza.

Majivu tuliyo nayo kwa wingi

Nzega na jirani yake Igunga ni nchi ya mpunga. Baada ya mavuno, kando ya mashine za kukoboa huinuka vilima vya pumba ambavyo wenye mashine hawajui wavipeleke wapi. Baadhi huchukuliwa kuchomea matofali ya udongo badala ya kuni, jambo la kusifiwa kwa sababu huokoa miti. Nyingi huchomwa tu hapohapo, moshi ukifunika mtaa.

Pumba hizi ni mali. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za pumba, na kilo 20 za pumba zikiungua hubakiza kilo 4 hivi za majivu. Majivu hayo ni silika kwa asilimia 85 hadi 95: ni pozolana kamili, ndugu wa yale ya Warumi. Hayana sindano, hayana dripu, hayana betri. Na kiasi chake hakilinganishwi na cha hospitali. Mashine inayokoboa tani 5 kwa siku huacha tani moja ya pumba, ambayo ni kilo 200 za majivu. Kwa uzito, hiyo ni mifuko minne ya saruji, kila siku ya msimu.

Namna yanavyofanya kazi ni hivi. Saruji inapoganda hutoa chokaa ya ziada ambayo haisaidii kitu, hata hudhoofisha. Silika ya majivu huikamata chokaa hiyo na kuigeuza gundi ileile inayoshika zege. Ndiyo maana majivu mazuri ya pumba yanaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji bila kuharibu kazi, na ukuta huendelea kukomaa kwa wiki nyingi. Sharti lake ni subira katika kumwagilia: mchanganyiko huu huchelewa kushika, na tofali lililoachwa likauke siku ya tatu juani litakuwa bovu.

Kuna masharti mengine, na mtu asidanganywe kwamba kila jivu jeusi la pumba linafaa. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 500 na 700. Likipungua, majivu hubaki meusi kwa kaboni ambayo haikuungua. Likizidi sana, karibu nyuzi 800 na kuendelea, silika hujipanga upya na kuwa fuwele ngumu isiyoungana na chokaa, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Majivu ya kijivu chepesi, yaliyochomwa polepole katika tanuri la matofali lenye matundu ya hewa, ndiyo yanayotafutwa. Kisha yasagwe hadi yawe laini kama saruji yenyewe. Hapa neno la tahadhari kwa Nzega: katika maeneo ya wachimbaji wadogo kuna makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, na mtu anaweza kuona hiyo ndiyo mashine ya karibu. Isitumike. Vumbi la mawe lililobaki ndani yake, na zebaki inayotumika katika kazi hiyo, vitayarudisha majivu safi kule tulikotoka.

Kabla ya kununua saruji, kikundi kinaweza kufanya jaribio dogo. Changanya sehemu moja ya chokaa na sehemu mbili za majivu yaliyosagwa, ongeza maji hadi upate tope zito, finyanga vidonge, vifunike vibaki na unyevu kwa siku saba, kisha vitumbukize majini. Vikiyeyuka, majivu hayafai kazi hii. Vikibaki vigumu, kuna pozolana ndani yake, na hapo yafaa kufyatua matofali machache na kuyapeleka yavunjwe katika maabara ya vifaa vya ujenzi ili nguvu yake ijulikane. Yatumike kwa matofali, lipu na sakafu. Nguzo, mikanda na linta za kanisa linalokusanya watu mia tano zibaki kwa saruji ya kawaida hadi mhandisi aseme vingine. Wanaosaga na kuchanganya wafunike pua na mdomo, na majivu yanyunyiziwe maji kabla ya kuhamishwa.

Vikundi vya WAWATA na vijana vinavyofuga kuku au kutengeneza sabuni kwa ajili ya mfuko wa parokia vingeweza kuitazama kazi hii. Si utajiri wa haraka, lakini malighafi iko mlangoni.

Na shimo la nyuma ya zahanati?

Linabaki, na linahitaji kutunzwa kuliko tunavyolitunza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida, kama zile za nyumbani: makaratasi, maganda, maboksi. Asilimia 15 tu ndizo hatarishi. Taka zikitenganishwa tangu wodini, kila aina katika ndoo ya rangi yake na sindano katika boksi lake, kinachohitaji kuchomwa hupungua sana, na shimo hujaa polepole. Mirija ya dripu isiyo na damu, betri na vipimajoto vya zebaki havipaswi kuingia motoni kamwe. Tanzania, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, imeshiriki katika mradi wa kimataifa wa kujaribu njia isiyotumia moto, ambapo taka huuawa vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Hospitali kubwa zinazojengwa upya zingefaa kuanza na mvuke badala ya dohani.

Kwa majivu yanayopatikana, saruji ina kazi moja halali: kuyafunga humohumo shimoni. Mwongozo unaotumika kimataifa kwa dawa zilizoharibika, ambao hufaa pia kwa majivu yenye metali nyingi, ni sehemu 65 za taka, 15 za chokaa, 15 za saruji na 5 za maji kwa uzito. Mchanganyiko huo ukiganda, maji ya mvua hayapiti kwa urahisi na risasi haishuki kwenye kisima. Shimo lenyewe lijengewe kuta na sakafu, liwe na mfuniko, liwe mbali na kisima na juu ya mahali maji yanapofurika masika.

Anayezoa majivu apewe buti, glavu nene, barakoa na koleo, na nguo za kazi hiyo zisirudi nyumbani kwa wanawe. Msomaji wa Maandiko atakumbuka kwamba sura ya 6 ya kitabu cha Mambo ya Walawi inamwagiza kuhani avue mavazi aliyoondolea majivu ya altare na kuvaa mengine kabla ya kuyapeleka nje ya kambi. Sababu yao ilikuwa ya ibada, yetu ni ya afya. Utaratibu unafanana kwa namna ya kupendeza.

Pengine wapo ambao tayari wamemwaga majivu ya namna hii katika sakafu ya choo au njia ya uani. Wasivunje kwa nyundo, kwa maana kuvunja ndiko kunakotoa vumbi. Wapige lipu ya saruji safi juu yake, wasilime mboga kando yake, na kuku wasiachwe wakipekua hapo.

Shimo likijaa hadi karibu nusu mita kutoka juu, lifunikwe kwa udongo na zege. Kisha mahali pake paandikwe katika ramani ya kiwanja na katika kumbukumbu za parokia, kwa vipimo kutoka kona ya jengo lililo la kudumu. Paroko atahamishwa, mganga atastaafu, dohani itabomolewa, na baada ya miaka thelathini mtu atakuja na kamba na mambo kutafuta mahali pa kuchimba msingi wa darasa la chekechea.